Hongo, Ushuru na Haki ya Njia

Neno hongo limeshuka cheo. Leo likitajwa, fikira za msikilizaji huenda moja kwa moja kwenye rushwa, yaani fedha itolewayo kwa siri ili kumpindisha mtu na haki. Katika karne ya 19 maana yake haikuwa hiyo. Hongo ilikuwa ushuru wa njia, uliotolewa mchana kweupe na mwenye msafara kumpa mtemi ambaye nchi yake ilipitiwa. Kima chake kilijadiliwa, pengine kwa siku nyingi, kwa kuhesabu doti za merikani na kaniki, shanga, na nyaya za shaba. Ugogo ndiko kulikosifika, au tuseme kulikolaumiwa, zaidi ya kwingine kwa ukali wa hongo. Wasafiri wa Kizungu waliiita unyang'anyi. Lakini Ugogo ni nchi kavu, visima vyake vilichimbwa kwa mikono ya wenyeji, na msafara wa watu mia tano huweza kunywa kwa siku moja maji ya kijiji kizima. Hoja ya mwenye kisima haikupata kujibiwa vizuri. Ilinyamazishwa tu, utawala wa Kijerumani ulipokuja na kuiweka njia chini ya bunduki.

Hoja hiyo haikufa, kwa kuwa jambo lenyewe halikufa. Ziko nchi zilizo na pwani na ziko nchi zisizokuwa nayo, na ya pili haiwezi kuuza wala kununua ng'ambo bila ya kupita katika nchi ya kwanza. Swali ni hili: mwenye nchi iliyo kati ya jirani yake na bahari anadaiwa nini na jirani huyo? Je, kumpisha ni hisani, ambayo mtu huitoa akipenda na kuizuia akichukia? Au ni biashara, ambayo bei yake ni ile ambayo mnunuzi hana budi kuilipa? Au ni haki ya jirani, na kumnyima ni kumdhulumu?

Mahali pazuri pa kulipima swali hili ni Ushirombo. Mji huu ni makao ya Wilaya ya Bukombe, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Geita na kabla ya hapo ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Si mji wa mpakani wala si bandari. Ni mji wa njiani. Barabara kuu itokayo Isaka, penye bandari kavu, hupita Kahama, ikaja Ushirombo, ikaendelea Nyakanazi na mbele yake hata ifike Rusumo, lango la kuingilia Rwanda, na Kabanga, lango la kuingilia Burundi. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigali kwa njia hii ni karibu kilomita 1,500. Malori ya mafuta, saruji, mbolea, ngano na makontena hupanda; mengine hushuka na kahawa, chai na madini. Ushirombo huyaona yote yakipita, na mengi ya yale yapitayo si yake.

Wenyeji wa nchi hii ni Wasumbwa, na hao hawakuwa wageni wa mambo ya njia. Kabla ya ukoloni walikuwa wasafiri mashuhuri wa misafara, waliokwenda magharibi hata Katanga kutafuta shaba na pembe za ndovu. Mwana wao mmoja, Msiri, mtoto wa Kalasa, alikwenda huko kwa biashara ya baba yake katikati ya karne ya 19 akakaa, akajenga dola ya Garenganze na mji wake Bunkeya, akatawala mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na ofisa wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold. Mwaka huohuo wamisionari wa White Fathers walianzisha misheni yao Ushirombo. Enzi moja ilifungwa na nyingine ikafunguliwa. Lakini faida ya kumtaja Msiri hapa ni nyingine. Nchi za nyanda zile zilipokea hongo kwa wapitao, na watu wake walitoa hongo walipopita kwa wengine. Hapakuwa na aliyekuwa mlango sikuzote, wala aliyekuwa mpita njia sikuzote. Ndiyo maana hongo, pamoja na manung'uniko yake yote, ilikuwa na mpaka: mtemi aliyezidisha leo alijua kwamba wafanyabiashara wake watapita kwa mwingine kesho.

Mpaka huo uliweza kuvunjwa. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo, katika ugomvi wake na Waarabu wa Tabora, aliifunga njia ya kwenda Ujiji, na Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ilimbidi azunguke kusini ili afike. Hapo njia iligeuka kuwa silaha. Mirambo hakutaka doti za nguo tu, alitaka kutambuliwa. Yafaa jambo hili likumbukwe, maana mara nyingi nchi ifungapo njia haiwi na shida ya fedha, huwa na hasira.

Wanachuoni wa Ulaya walilishughulikia swali hili mapema. Hugo Grotius, Mholanzi, katika kitabu chake juu ya sheria ya vita na amani kilichotoka mwaka 1625, alisema kwamba nchi yapasa iwapishe watu na bidhaa zao wanapopita kwa sababu ya haki, na kwamba haifai kutoza ushuru juu ya shehena ipitayo tu, isipokuwa kwa kufidia gharama ambazo mwenye nchi ameingia kwa ajili ya shehena hiyo, kama vile ulinzi. Kwa maneno mengine, Grotius angalimkubalia Mgogo bei ya maji, lakini si zaidi ya maji. Samuel Pufendorf, aliyekuja baadaye katika karne hiyohiyo, hakukubali yote. Alisema mwenye nchi hawezi kulazimishwa kumpisha kila mfanyabiashara bila ya kutazama hasara yake mwenyewe.

Haya ni maneno ya kitabuni. Matendo ya wananchi wenzake Grotius yalikuwa mengine. Mto Scheldt hupita Antwerp, katika nchi iitwayo sasa Ubelgiji, lakini mlango wake wa bahari umo katika Uholanzi. Antwerp ilikuwa bandari kubwa kabisa ya Ulaya ya Kaskazini katika karne ya 16. Ilipoangukia mikononi mwa Wahispania mwaka 1585, Waholanzi wakaufunga mto, na Mapatano ya Münster ya mwaka 1648 yakauhalalisha ufungaji huo. Kwa zaidi ya miaka 200 mji ulikaa kando ya maji mengi usiweze kuyatumia, na biashara yake ikahamia Amsterdam. Wafaransa waliufungua katika miaka ya 1790. Ubelgiji ilipotambuliwa kuwa nchi huru kwa mkataba wa mwaka 1839, Uholanzi ilipewa ruhusa ya kutoza ushuru juu ya meli zipitazo, na ushuru huo haukuondoka mpaka Ubelgiji, ikisaidiwa na mataifa mengine yenye meli, ilipoununua wote kwa fedha mwaka 1863. Msomaji ataona kwamba Grotius alitoka katika nchi iliyokuwa ikifanya kinyume cha fundisho lake siku alipokuwa akiliandika. Hilo halilifanyi fundisho kuwa la uongo. Huonyesha tu kwamba aliye mlangoni si hakimu mzuri wa kesi ya mlango.

Ni Ubelgiji hiyohiyo, iliyofungiwa mto wake, iliyokuja kuhusika na njia ya Ushirombo. Watu husema Rwanda na Burundi hazina bahari kana kwamba hilo ni umbile la nchi, kama milima yake. Ukweli ni mwingine kidogo. Hadi Vita Kuu ya Kwanza, Kigali, Usumbura, Ushirombo na Dar es Salaam zote zilikuwa chini ya bendera moja ya Kijerumani. Hakuna aliyeulizwa kama aliitaka bendera hiyo, lakini mpaka wa forodha haukuwapo kati yake na bahari. Mwaka 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walikaa mezani wakaigawa. Waingereza walitaka hata Gisaka, upande wa mashariki wa Rwanda, kwa ajili ya reli waliyoiwaza, na hawakuirudisha ila miaka michache baadaye. Kwa hiyo jirani aliye nyuma ya Rusumo hakuzaliwa akiwa nyuma ya mlango. Mlango ulijengwa mbele yake, na wala si yeye wala si Mtanganyika aliyeujenga. Huu ndio msingi wa kwanza wa kukataa kusema kwamba kumpisha jirani ni hisani. Hisani hutolewa katika mali ya mtu; mpaka huu walioupata wote wawili waliupata kwa wino wa wengine.

Wabelgiji walijua thamani ya walichokosa. Kwa mkataba wa tarehe 15 Machi 1921 Uingereza iliwapa viwanja Dar es Salaam na Kigoma kwa ajili ya shehena za Kongo na Ruanda-Urundi, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, na kwa muda usio na mwisho. Viwanja hivyo vilijulikana kwa jina la Belbase. Siku chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, mnamo Novemba 1961, Julius Nyerere aliliambia Bunge kwamba Serikali yake haitajiona imefungwa na mapatano hayo. Hoja yake ilikuwa ya kisheria na ya kimaadili kwa pamoja: Uingereza iliishika Tanganyika kwa udhamini tu, na mdhamini wa muda hana mamlaka ya kuitoa milele ardhi ya yule anayemdhamini.

Kwa juujuu uamuzi huo unaonekana kupingana na haki ya njia. Ukichunguzwa, hauipingi. Kilichokataliwa ni kipande cha nchi kutolewa kwa mwingine daima, kupita hakukukataliwa. Haki ya njia si umiliki wa njia. Jirani apitaye uani kwenda kisimani ana haki ya kupita, lakini hapati kwa sababu hiyo haki ya kusimamisha ukuta wake uani. Sheria ya mataifa imekuja kusimama karibu na hapo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 huzipa nchi zisizo na pwani haki ya kuifikia bahari na uhuru wa kupita katika nchi za majirani, hukataza ushuru juu ya shehena ipitayo isipokuwa malipo ya huduma iliyotolewa hasa, lakini pia huiachia nchi ipitiwayo haki ya kulinda maslahi yake ya halali. Grotius na Pufendorf wamewekwa katika sehemu moja ya mkataba, kila mmoja na kifungu chake.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo kama pasingalikuwa na mwaka 1996. Tarehe 25 Julai mwaka huo Meja Pierre Buyoya aliichukua serikali ya Burundi kwa nguvu, wakati vita ya wenyewe kwa wenyewe, iliyoanza baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwaka 1993, ilikuwa ikiendelea. Tarehe 31 Julai viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha, wakaamua kuiwekea Burundi vikwazo vya biashara. Njia zikafungwa. Madai yao yalitajwa waziwazi: Bunge lirudishwe, vyama vya siasa viruhusiwe, na mazungumzo yafanywe na pande zote bila masharti. Nyerere, yule aliyeikataa Belbase, ndiye aliyekuwa msuluhishi.

Hapa nchi yenye njia haikuifunga kwa chuki juu ya watu wa jirani, bali kwa ajili yao, au ndivyo ilivyosema, na hakuna sababu ya kuudhania uongo msemo huo. Tanzania ilikuwa imebeba mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi katika Kibondo, Kasulu na Ngara. Nayo ilipoteza mapato ya bandari na reli kwa kufunga. Haikufanya peke yake. Ikiwa kufunga njia kunaweza kuwa halali hata mara moja, basi ni hapa.

Walakini matokeo yatazamwe. Petroli ilipanda bei Bujumbura, lakini aliyekuwa karibu na serikali aliipata. Magendo yakastawi, na magendo humtajirisha yule mwenye mlinzi mpakani, si mkulima wa kahawa. Mkulima ndiye aliyeikosa mbolea, na mama mjamzito ndiye aliyekosa gari la kumfikisha hospitali. Dawa na misaada ya dharura ilipewa ruhusa kidogo kidogo, na vikwazo juu ya chakula, vifaa vya shule na pembejeo havikuondolewa mpaka Aprili 1997. Dhahabu, kwa upande wake, haihitaji lori. Watu wa ukanda wa Geita wanajua kuliko wengine kwamba mali yenye thamani kubwa huvuka mpaka wowote katika mfuko wa koti, na kwamba wa kufungiwa njia ni mwenye chumvi na saruji. Silaha ya njia, kwa hiyo, ina kasoro ya asili: humpiga mtu kadiri mzigo wake ulivyo mzito na bei yake ilivyo ndogo, na hao ndio maskini.

Watetezi wa vikwazo husema kwamba bila ya hivyo Buyoya asingalikwenda Arusha kuzungumza. Yamkini ni kweli. Bunge na vyama vilirudishiwa ruhusa Septemba 1996, upesi kuliko ilivyotazamiwa, na mazungumzo ya pande nyingi yalianza Juni 1998 vikwazo vikiwapo bado. Lakini vikwazo viliondolewa Januari 1999, na mapatano yenyewe yalitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, Nyerere akiwa amekwisha kufa na Nelson Mandela ameshika nafasi yake. Basi njia iliyofungwa yaweza kumleta mtu mezani. Haikuonekana kwamba ndiyo iliyomfanya akubali. Kosa la mwaka 1996 halikuwa kuufunga mlango, bali kuufunga wote kwa pamoja, kisha kuanza kutafuta ni nani aliyekuwa amesimama nyuma yake. Waliotaka kumzuia mwanajeshi walipaswa kuanza na mafuta na silaha zake, na kuliacha gunia la mbegu lipite tangu siku ya kwanza.

Mambo ya mwaka 2013 yalikuwa madogo zaidi, na pengine kwa sababu hiyo yana fedheha zaidi. Uhusiano wa Tanzania na Rwanda ulikuwa umeharibika tangu Mei, baada ya Rais Kikwete kuishauri Rwanda izungumze na waasi wa FDLR. Septemba mwaka huo ada ya njia kwa malori ya Rwanda ikapandishwa kutoka dola 152 hadi dola 500, na Rwanda nayo ikapandisha ya kwake. Nchi zote mbili zilikuwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007. Labda palikuwa na hesabu ya gharama za barabara nyuma ya dola 500. Lakini barabara haiharibiki mara tatu zaidi kwa sababu namba ya gari ni ya Kigali. Kipimo cha Grotius ni rahisi hapa, na ada hiyo hufeli. Si ushuru tena, ni hongo kwa maana ya leo, tofauti ni kwamba ilitolewa stakabadhi. Uhusiano ulirekebishwa baadaye, na tarehe 6 Aprili 2016 Rais Magufuli na Rais Kagame walifungua pamoja daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha cha Rusumo.

Mwaka 2020 kisu kiligeuka upande. Kwa ajili ya maradhi ya Korona, Rwanda iliagiza malori yatokayo Tanzania yabadilishe madereva Rusumo. Madereva wa Kitanzania walikataa kumwachia mtu wasiyemjua gari na shehena waliyodhaminiwa, na foleni ikajaa mpaka mawaziri walipokutana Mei. Rwanda ilikuwa na sababu ya haki, ndiyo yale maslahi ya halali ya mkataba. Lakini tukio hilo lilionyesha kwamba Tanzania nayo ni mpita njia. Malori yake hupita Rwanda kwenda Goma, na hupita Zambia kwenda Lubumbashi, katika nchi ileile aliyoitafuta Msiri.

Limebaki jambo moja, ambalo mikataba hulipita kama malori yanavyopita. Wote waliotajwa katika shauri hili ni serikali: mwenye pwani na asiye na pwani. Lakini njia haipiti katika serikali, hupita Ushirombo. Vumbi ni lake, kelele za usiku ni zake, na mtoto anayevuka barabara kwenda shule ni wake. Hupata kitu pia, bila shaka: nyumba za wageni, mama lishe, mafundi wa magurudumu. Hata hivyo ada ya njia hulipwa kwa dola na huingia katika hazina ya Taifa. Katika Ulaya swali hili lilifika mbele ya wasuluhishi huko The Hague, pale Ubelgiji ilipotaka kuifufua reli yake ya zamani iitwayo IJzeren Rijn, itokayo Antwerp hadi Ujerumani kwa kupita Uholanzi. Uamuzi wa tarehe 24 Mei 2005 ulisema kwamba Ubelgiji ina haki ya kupita kutokana na mkataba uleule wa mwaka 1839, na kwamba Uholanzi ina haki ya kuilinda nchi ipitiwayo na madhara ya reli hiyo. Gharama za ulinzi huo hazikutupwa zote upande mmoja. Ubelgiji, mpitaji, ilipewa sehemu yake ya kulipa.

Katika njia ya kati ya Afrika Mashariki hesabu ya namna hiyo hufanywa kwa idadi ya ekseli na umbali wa kilomita. Yule mtemi wa Ugogo, aliyeitwa mnyang'anyi, aliipokea hongo mbele ya watu waliokuwa wamechimba kisima, na waliweza kumwuliza sehemu yao ilikuwa ipi.